Koti la Jenerali Vauquelin

Watu walimleta Firmin studioni wamemkaba kola, damu inamtoka puani. Odile, mpiga picha, alisimama pale nyuma ya kamera yake.

"Mama, hizi si unauza wewe?" Théodule, muuza nyama ya farasi, akamsogezea kadi mpaka puani. Kapicha kadogo, mtu mwenye masharubu mazito, chini jina: Jenerali Vauquelin. Asubuhi hiyo Paris nzima ilikuwa imesikia kwamba Vauquelin kawafungulia maadui Waprusia ngome bila hata risasi moja. "Tumemkuta kwenye foleni ya mkate, anajifanya kinyozi. Ndiye au siye?"

Kinyozi ndiyo kazi ya Firmin kweli, pale chini ya studio. Kiangazi, Vauquelin akiwa bado shujaa, kila mtu alitaka sura yake na Odile hakuwa nayo. Akamvika Firmin koti la jeshi la mitumba, akampiga picha, akaandika jina. Kadi zikagombaniwa.

Sasa Odile akisema ndiye, wanamnyonga Firmin. Akisema siye, wanamvunjia yeye studio kwa kuwauzia uongo, pengine na mbavu.

"Odile, sema basi," Firmin akasema. "Au unangoja nife ndiyo unipige picha nyingine?"

Mlangoni mtu akacheka. Mwingine akasema kamba ipo.

Odile akaliendea koti msumarini. Kifungo cha tatu hakipo, vilevile kama kwenye kadi.

"Théodule, vaa."

"Nivae la nini?"

"Unaogopa koti?"

Akavaa, koti likambana tumboni. Odile akamkalisha kwenye kiti kilekile alichokalia Firmin, mbele ya turubai lilelile lililochorwa mahema, akamwinua kidevu.

"Haya, jenerali mwingine huyo. Niliwadanganya. Sura ya kwenye kadi ni ya kinyozi."

Bibi mmoja akaichukua kadi, akamtazama Théodule, akaitazama tena.

"Mbona huyu ndiye anafanana zaidi?"

Watu wakamsogelea. Théodule akalivua koti mbiombio mpaka mkono wa koti ukachanika.

"Tapeli ni huyu mwanamke!" akapiga kelele.

Wakavigeukia vioo vyenye sura za watu, ambavyo Odile alichapishia kadi, na kioo cha kujitazamia. Wakavunja vyote, sura zote: maharusi, watoto, vijana waliokwenda vitani ambao mama zao hawajaja kuchukua kadi. Odile hakuwazuia. Alijiziba mdomo kwa aproni.

Walipoondoka, Firmin alikuwa amekaa kwenye kiti cha jenerali. Akaokota mkasi wa kukatia kadi.

"Nipe kioo nijitazame."

"Hakuna kilichobaki."

Akamnyooshea mkasi.

"Basi yanyoe wewe haya masharubu. Na mkono usitetemeke."