Ukungu wa Chumba cha Mapokezi

Mezani hapakuwa na nafasi ya kutua birika. Mchoraji alikuwa amelaza fremu juu ya meza ya jikoni, anakivuta kitambaa cha turubai kwa koleo na kukipigilia misumari midogo upande mmoja baada ya mwingine, na mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na chai mkononi.

"Nyumba hii ina meza moja," mama alisema.

"Namaliza, mama."

"Hata jana ulikuwa unamaliza."

Birika likawekwa sakafuni, na wote wawili wakanywa chai wakiwa wameketi chini, kama watu waliohamia asubuhi hiyo. Kumbe walihamia zamani, tangu kampuni ya maji ya chupa ilipochukua bonde lao. Mama ndiye aliyekataa kuzoea. Hata mapazia hakutaka yanunuliwe. Alisema hawezi kupamba mahali pa kupita.

Kampuni ilihitaji chemchemi, na chemchemi ilikuwa nyuma ya nyumba ya mama. Walikuja watu wenye kofia ngumu, wakapima, wakaondoka, kisha wakaja wengine na tingatinga. Wenyeji walipokwenda kulalamika walijibiwa kwamba bonde lile lilikuwa tupu tangu hapo, na mahali patupu hapana wa kulalamika. Mama aliambiwa hayo akiwa amesimama kwenye dirisha la nyumba yake, ana kwa ana na aliyeyasema. Fidia aliitaka mwanzoni, halafu akaacha kuitaka. Alichobaki akikitaka ni mtu mmoja wa kampuni afungue kinywa aseme: ndiyo, mama, ulikaa pale. Neno hilo moja tu. Lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na binti yake alijua.

Binti alichora ukungu kwa sababu ndio uliokuwa ukiuzika. Maonyesho yake ya kwanza yalikuwa na nyumba, mbuzi na wanawake wenye ndoo, na watu walipita, wakala vitafunio vya bure, wakaenda zao. Mwenye ukumbi wa maonyesho, mwanamke wa bangili nyingi na huruma ya kadiri, alimvuta pembeni. "Dada," alimwambia, "watu wana watu majumbani kwao tayari. Wakitundika kitu ukutani wanataka wapumzike." Mchoraji akaongeza ukungu. Picha zikaanza kutoka.

Ila ukungu mtupu ulimshinda. Alijaribu, ukawa kama uji uliomwagika. Kwa hiyo alichora kwanza kila kilichopaswa kuwa nyuma yake: kilima, mto, nyumba, kamba ya nguo, marehemu baba yake akipukuchua mahindi mlangoni. Akaacha kikauke. Ndipo akachanganya nyeupe na buluu kidogo na mafuta mengi, akaisambaza kwa kitambaa cha fulana kuukuu mpaka vyote vikapotea. Na kabla havijapotea alimwita mama.

"Mkaguzi, njoo."

Mama alivaa miwani, akaweka mikono nyuma, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Mlango ulikuwa unafungukia ndani, sio nje. Ngazi ya juu ilimeguka pembeni, "na wewe mwenyewe ulijikwaa pale ukang'oka jino, umesahau?" Baba hakuwa anakaa hivyo, alikuwa anakunja mguu wa kushoto. Mchoraji alifuta, akachora upya. Wiki nzima iliweza kupita kwa ajili ya kamba ya nguo. Mtu wa nje angeona wanapoteza muda, kuhangaika na kitu kitakachofunikwa. Mama alisema hata nguo zake za ndani anazifua vizuri, na hakuna anayeziona.

Picha kubwa kuliko zote ilinunuliwa na kampuni ya maji. Meneja alikuja mwenyewe kwenye maonyesho, akasimama mbele yake, akashusha pumzi.

"Hapa panapumzisha," alisema. "Huoni hata mtu."

Mwenye ukumbi akabandika kitone chekundu pembeni ya fremu. Mchoraji aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alikuwa na hasira, lakini picha ikishabandikwa kitone si yako tena. Jioni alimweleza mama bila kuzunguka. Mama hakununa. Aliuliza picha itatundikwa ukuta upi.

"Wa mapokezi. Unatazama mlango mkubwa."

"Jua la asubuhi linaingia?"

"Linaingia."

"Basi si vibaya. Na nyumba ile ilikuwa inapata jua la asubuhi."

Siku za mwanzo ukungu ulitulia. Halafu asubuhi moja, mida ya chai ya saa nne, ukaanza kupanda. Ukungu wa bonde lile ndivyo ulivyo, haustahimili jua, na mchoraji alikuwa ameupaka sawasawa. Uliachia mto kwanza, kisha paa, kisha kamba ya nguo. Dada wa mapokezi alikuwa anamwelekeza dereva mahali pa kushusha katoni. Aliona nyumba, akaona mzee mlangoni na beseni la mahindi, akamalizia kumwelekeza dereva. Jioni ukungu ukashuka tena ukafunika.

Picha nyingine zilikuwa na tabia hiyo hiyo. Daktari wa meno aliyenunua ile ndogo alipiga simu kushukuru, maana wagonjwa wake walikuwa wanatazama nguo zikikauka kwenye kamba wakasahau kuogopa.

Meneja hakushukuru. Alimwita mchoraji, akamwomba kwa adabu zote aongeze ukungu. Mchoraji akapanda ngazi na kitambaa chake, akaongeza, kwa kuwa hakuona namna ya kukataa. Kesho yake ukungu ukapanda saa ile ile, mzito kidogo, na manyunyu yakaanguka kwenye zulia. Likaletwa dekio, yakaisha.

"Baba yako yumo?" mama aliuliza aliposimuliwa.

"Yumo."

"Anafanya nini?"

"Anapukuchua mahindi."

"Yale yale? Mpaka leo?"

Asubuhi iliyofuata mama alivaa gauni lake zuri akaenda. Dada wa mapokezi akamwamkia na kumuuliza amekuja kumwona nani.

"Mume wangu," mama alisema.

Dada akampa kadi ya mgeni akamwonyesha kiti. Tangu siku hiyo mama alikuwa anakuja kila asubuhi, anaketi mkoba magotini, anangoja ukungu uondoke. Mume wake alikuwa akiinua macho kumtazama, kisha anarudi kwenye mahindi, kama walivyoishi miaka yao yote. Halafu kuna siku sufuria iliyokuwa jikoni nyuma ya mzee ilianza kufurika, povu likashuka mpaka motoni, na mzee hana habari. Mama akafyonya. Akavua viatu, akapanda juu ya kiti, akashika fremu kwa mkono mmoja, akaingia. Alionekana akipita uani kwa haraka, amenyanyua gauni kidogo, na mara sufuria ikaepuliwa. Dada wa mapokezi aliviweka viatu pembeni ili mtu asijikwae.

Mchoraji alipokuja jioni kumchukua, ukungu ulikuwa umeshashuka. Alisimama karibu na picha akamsikia mama akikohoa huko ndani, kikohozi chake cha kawaida cha moshi wa kuni, na sauti ya baba ikiuliza kitu. Alirudi peke yake. Nyumbani meza ilikuwa wazi, akatua birika juu yake, akalia. Alikuwa na hamu kubwa ya mama yake, na hakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu mama alikuwa amekwenda nyumbani.

Ikawa anapita kila asubuhi kabla ya kazi. Mama alikuwa anakuja mpaka ukingoni mwa ua, ndoo mkononi.

"Umekonda."

"Sijakonda, mama."

"Umekonda. Na jiko umelisogeza. Kila siku nagonga kiwiko."

Meneja alimleta mwanasheria wa kampuni. Mwanasheria aliitazama picha muda mrefu, amefumbata kalamu mkononi. Uani mama alikuwa anakung'uta mkeka, na vumbi lilikuwa linamfikia kwenye koti.

"Picha ni mali ya kampuni," alisema mwanasheria. "Na vilivyomo ndani yake ni mali ya kampuni. Huyu mama yumo bila ruhusa."

"Basi tumtoe."

"Tunaweza. Lakini ukimtoa mtu mahali, umeshakiri alikuwepo."

Wakatazama tena. Mama alikunja mkeka akauingiza ndani.

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Tusifanye lolote," mwanasheria alisema. "Hayupo."

Wafanyakazi wakaelekezwa kwamba hayupo. Walizoea upesi. Dada wa mapokezi alikuwa anamwamkia kwa sauti ya chini, na walinzi nao. Hata Meneja, ambaye kwao alilelewa vizuri na hakuweza kumpita mtu mzima bila kumwamkia, alikuwa akifika asubuhi anasema shikamoo, anaitikiwa marahaba mwanangu, kisha anapanda ofisini kwake kuendelea na kazi. Kwa mama hiyo haikutosha. Shikamoo hata mpita njia hupewa. Yeye alitaka aambiwe alikaa pale, na kila asubuhi alimtazama Meneja anavyopanda ngazi, akingoja ageuke.

Wakati huo malalamiko ya wenyeji wengine wa bondeni yalikuwa yamepanda juu, polepole, mpaka yakamfikia afisa wa ardhi. Afisa alitakiwa athibitishe kama bonde lilikuwa na watu au halikuwa nao. Bondeni kwenyewe hapakuwa na cha kutazama, kumejaa mabomba na zege, kwa hiyo Meneja akamkaribisha kikao kifanyike mapokezi, penye viyoyozi. Mwanasheria alimnong'oneza achague chumba kingine. Meneja akasema kikao kitakuwa kimekwisha kabla ya saa nne.

Dada wa mapokezi alimpigia mchoraji simu. Mchoraji aliwahi kufika, akasimama karibu kabisa na picha, akaongea na ukungu.

"Mama. Leo wanakuja watu wa ardhi. Ukungu ukiondoka, usiwe jikoni. Simama mlangoni wakuone."

"Nivae nini?" sauti ya mama ikauliza.

Afisa alichelewa, kama maafisa wanavyochelewa, na hilo likawa heri. Alikuja na wenzake wawili. Walikalishwa kwenye makochi, wakawekewa chupa za maji ya kampuni, baridi, zinatoka jasho. Walikuwa hawajamaliza kutambulishana ukungu ulipoanza kupanda. Ukaachia mto, ukaachia paa, na pale mlangoni alikuwa amesimama mama amejifunga kitambaa kipya kichwani, na kando yake mzee, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameyaacha mahindi.

"Karibuni," mama alisema.

Afisa aliinuka nusu. "Asante. Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Afisa akaketi, akamgeukia Meneja. "Pale kulikuwa na watu?"

Meneja alikuwa anapangusa mkono wa koti. "Hapakuwa na mtu," alisema.

"Ni nyumba ya mama yangu," mchoraji alisema. Hakuwa ameulizwa. "Nimeichora ilivyokuwa, na aliyeikagua ni yeye mwenyewe. Muulizeni."

Afisa alimtazama kwa upole. "Wewe ndiye uliyeichora?"

"Ndiyo."

"Nyinyi wasanii mnajua kubuni. Si kosa."

"Wanangu niliwazaa humu ndani," mama alisema kutoka mlangoni. "Huyo mmoja wao. Chemchemi nimeichota tangu niolewe."

Wote walimsikia. Mmoja wa wale wenzake alitikisa kichwa akasema pole mama. Afisa akamuuliza mwanasheria kama maneno hayo yanaweza kupokelewa, na mwanasheria akasema shahidi lazima asimame sakafuni mbele ya afisa, kama watu wengine. Hilo lilionekana la haki.

"Basi toka kidogo, mama," afisa alisema. "Uje useme hapa."

Mama aliitazama sakafu, na viatu vyake vilivyokuwa pembeni. Akamtazama mumewe. Akafikiri.

"Nikitoka mtasema nakaa mjini," alisema.

"Ukitoka utakuwa unakaa mjini, mama," mwanasheria alisema. "Na una nyumba ya kupanga. Tumeiona."

Mama hakutoka. Wakamngoja muda wa heshima, kisha afisa akafunga mkoba wake, akasema kwamba kwa yote waliyojionea bonde lilikuwa tupu. Walisimama. Waliagana na Meneja kwa mkono, na kwa sababu walikuwa watu wenye adabu waliwaaga na wale wa mlangoni, wakasema mbaki salama, wakaambiwa mwende salama. Meneja aliwasindikiza hadi kwenye gari. Mzee akarudi kwenye beseni lake.

Mchoraji alibaki. Mama alikuja mpaka ukingoni mwa ua, karibu sana, akiwa bado na kile kitambaa kipya.

"Wamesemaje? Yule mwenye mkoba alikuwa anasema kwa chini."

"Wamesema hukukaa hapo, mama."

Uso wa mama ulikunjika. Mchoraji alinyoosha mkono akaishia kugusa rangi iliyokauka. Kisha mama akachungulia juu ya bega la binti yake, kwenye meza ya wageni.

"Angalau wamekunywa maji?"

Chupa zote zilikuwa tupu.

"Wameyamaliza, mama."

"Haya," mama alisema. Akaokota ndoo, akazunguka nyuma ya nyumba kwenda kuchota mengine.