Komeo la Ndani

Mara ya tatu mwaka huu shemeji ananiita kutengeneza mlango ule ule wa chumbani, na mara ya tatu ananiambia ni upepo. Mimi ni seremala, sikuzaliwa jana. Upepo gani huo unaoacha alama ya kiatu kwenye plaiwudi?

Nilipiga magoti nikaanza kufungua bawaba. Yeye alisimama nyuma yangu, funguo za kazini mkononi.

"Weka kitu chepesi tu, fundi. Mwanaume gani anapiga hodi chumbani kwake?"

Nikacheka. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mkono wa mdogo wangu, mkewe, nilikuwa nimeuona umevimba tangu naingia, na bado nilicheka, eti tusiharibu undugu. Mwanaume akivunja, wenzake tunaleta misumari.

Alipoondoka, mdogo wangu akatoka jikoni. Ndiye kitinda mimba wetu, nimembeba mgongoni huyu.

"Kaka, weka mbao ngumu. Na komeo liwe kwa ndani."

Nikatupa bisibisi chini. "Komeo la nini? Kusanya nguo twende kwangu. Akithubutu kukufuata, nitamvunja miguu."

"Kwako?"

"Kwangu, ndiyo. Chumba kipo, wifi yako yupo."

Alipitisha kidole pale kiatu kilipogonga.

"Mlango wa chumba chenu una kiraka, kaka, chini ya kitasa. Umekipaka rangi vizuri, mgeni hawezi kukiona. Nilimuuliza wifi, akasema ni upepo."

Nilitaka kusema ilikuwa mara moja tu, zamani, nilikuwa na hasira. Ilikuwa mara mbili. Na kweli, hakuna fundi aliyewahi kuitwa nyumbani kwangu. Fundi ni mimi, na rangi ilikuwa imekauka kabla majirani hawajaamka.

Nilikwenda karakana nikachukua mlango wa mbao ngumu niliokuwa nimemtengenezea mteja, nikaupiga randa mpaka ukaingia kwenye fremu. Nikaweka bawaba tatu badala ya mbili. Komeo nikalifunga kwa ndani, kwa skrubu ndefu kuliko zote nilizokuwa nazo. Nilifanya kazi kwa hasira, na sikujua hata hasira yenyewe ni ya nani.

Mdogo wangu akaingia chumbani, akafunga. Nikasikia komeo likipita.

"Sukuma," akasema.

Nikasukuma kwa bega. Haukutikisika.

"Si hivyo, kaka. Piga kama ulivyoupiga wa kwenu."

Nilisimama pale nikiwa nimefura. Halafu nikarudi nyuma hatua moja, na aibu ikanishika, maana sikuhitaji kufikiri. Mguu ulijua wenyewe pa kupiga.

Mlango ulihimili.

"Tena," akasema.