Ubeti Usiokuwamo Kwenye Sahani

...na hata mahali pa kujikwaa amejikwaa, mwizi huyu, aliwaza Hosea Quarles huku uso wake umetulia kama maji ya mtungini, pale pale kwenye mstari wa tatu, kidole kimechelewa kidogo kisha kikakimbia kufidia, kama yeye Hosea alivyochelewa zamani zile katika chumba cha hoteli kilichotundikwa mablanketi ukutani, wala si kwa uchungu wala kwa ufundi, mzungu wa kurekodi sahani za santuri aliwasha taa nyekundu ya kumwambia amalize naye akashtuka, basi, kushtuka tu, na leo Dorsie Mabry ameketi juu ya kreti la soda barazani kwa Bi Verlene, shingo ya chupa kidoleni ya kutelezea juu ya nyuzi za gitaa, anaishtukia taa ambayo hakuiona maishani mwake, na kijana wa Kaskazini amefumba macho mbele ya mashine yake ya kunasia sauti na machozi yanamtiririka, mtu mzima mwenye ndevu, analilia balbu... Maji yamefika mlangoni, mke mashuani kaingia, aliimba Dorsie, nasema maji yamefika mlangoni, mke wangu mashuani kaingia, gunia la mchanga si mke, ila ndilo limenibakia... na sauti imemkaa vizuri, hilo nalo lisemwe, sauti ya mtu aliyekula vumbi la pamba miaka yote na kulisindikiza kwa pombe ya magendo, ilhali ya Hosea ilikuwa nyembamba, ya puani, watu waliicheka kabla hawajayasikia maneno, na ndivyo alivyotaka, wacheke, maana wimbo ule aliutunga ili watu wacheke, na aliyekuwa akichekwa ni huyu huyu anayeuimba sasa.

"Shemasi, utakunywa kitu au umekuja kutuhubiria?" aliuliza Bi Verlene, bakuli la kunde mapajani, vidole vyake vinamenya bila kuangaliwa, na Dorsie, bila kuliachia gitaa, akadakia, "Mwache, dada, shemasi anahesabu makosa yangu," naye Hosea akatabasamu kishemasi, kwa midomo tu, kwa kuwa yalikuwapo makosa ya kuhesabu na la kwanza lilikuwa jina, sahani ile iliandikwa Kambale, neno moja, kwa sababu baba yake Hosea alikuwa mchungaji na asingevumilia ukoo wake ubandikwe kwenye nyimbo za vilabuni, na sasa kijana huyu, Alden, amevuka majimbo yote hayo na sahani imeviringishwa taulo kama mtoto mchanga, anauliza mlango kwa mlango yuko wapi Kambale, na Dorsie aliyekuwa akinyolewa ndevu akasema hata povu halijafutwa, ndiye mimi. Ndiye mimi. Hivyo tu, na sauti iliyobadilika kijana akaisingizia uzee. Na wanaojua wamekufa, au wamehamia Chicago, au ni Bi Verlene, ambaye hajapata kuharibu mchezo uliomfurahisha, na Alden, kwa kuwa huko kwao ameahidi kupeleka mtu wa kweli kwenye tamasha kubwa la pwani, asiye na doa la shaka, ameomba apatiwe mzee mmoja muungwana wa kushuhudia, wakamwita shemasi, naye akaja na koti lake la kanisani katika joto hili la Agosti, neno limeiva mdomoni, Kambale ni mimi, mwizi ni huyu, shuka kwenye kreti hilo, Dorsie. Alilionja neno njia nzima. Lilikuwa tamu kama nyama ya nguruwe ya moshi... na hapo, kwa nini nyama, kwa nini imkumbuke nyama sasa hivi, ah, ndiyo, ndiyo aliyokuwa akiila vilimani kwa mjomba wake mto ulipovunja tuta mwaka wa ishirini na saba, miguu mikavu, soksi kavu, hakuona hata dimbwi, mafuriko aliyasikia baadaye kwa watu waliokuwa wakisimulia na kucheka ili wasilie, kwamba Dorsie Mabry alishikiwa bunduki apange magunia kwenye tuta, na mkewe Arvella akapanda mashua ya mwanamume mwingine akaenda zake, na Hosea akalichukua lile gunia na ile mashua akavifunga pamoja kwa nyuzi sita, Jumamosi ile ile ukumbi mzima ukashika mbavu, wakacheza nusu saa hawamwachii, kwa kuwa huko aliyeketi na gitaa hamalizi wimbo, wimbo humalizwa na miguu ya wachezaji, ukithubutu kunyamaza kabla yao chupa hukupata kichwani, kwa hiyo hakuna aliyepata kuuimba wimbo ule kwa dakika tatu isipokuwa mbele ya taa nyekundu, na huyu hapa anaupima kwa dakika hizo hizo tatu kama anayetoa ushuru, ameufundishwa na sahani, si na watu, ujinga gani wa mtu kuiba kitu pamoja na kasoro zake... "Mnasikia?" alinong'ona Alden, "mnasikia anavyochelewa pale? Huwezi kumfundisha mtu huzuni ile. Mtu hawezi kuimba nyimbo za bluzi namna hii kama hakupoteza kitu," na Bi Verlene akasema, "Amepoteza meno, hilo nakuhakikishia," na Hosea akakitazama kiganja chake cha kushoto kwenye goti, vidole viwili tu na kovu, vingine vitatu vilibaki kwenye kinu cha kuchambulia pamba, naye akaona, kwa uwazi uliomuudhi, jinsi itakavyokuwa, atasema Kambale ni mimi, kijana atampa gitaa kwa heshima, naye atalishika kama kaa anayeshika kijiko, na mwenye jina lake atakuwa tapeli na tapeli atakuwa mwenye jina... Sasa taa, aliwaza, sasa nyamaza, Dorsie, sahani imekwisha hapo. Lakini Dorsie hakunyamaza. Chupa iliteleza juu ya nyuzi, ikarudi, na yule mzee akainua macho akamtazama Hosea, si Alden, si mashine, akaimba chini chini, kama anayezungumza na mtu ng'ambo ya mto, mguu huu wa kulia, ndio uliosukuma mashua, nasema mguu huu wangu wa kulia, ndio uliosukuma mashua, nikamwambia mfunike mtoto uso, asije akalowa na mvua.

Vidole vya Bi Verlene vilisimama kwenye kunde. Mtoto, aliwaza Hosea, mtoto gani, kulikuwa na mtoto... kulikuwa naye, mchanga, wa kukohoa, na yeye na mama yake wote wawili walifia kwenye mahema ya waliohamishwa, hilo lilijulikana, lakini ukumbini mtoto hakumfaa mtu, mtoto angeuharibu utani, kwa hiyo Hosea hakumtia, akatia mashua na mwanamume wa kupiga kasia na mke aliyetoroka, kumbe hakutoroka mtu, kumbe alipandishwa na mumewe, akasukumwa kwa mguu, na mume akarudi mwenyewe kwenye mtutu wa bunduki na magunia yake, na baadaye akasimama ukumbini Jumamosi baada ya Jumamosi, Hosea anamwona sasa, ameegemea nguzo, anacheka na wenzake, kwa mdomo tu, kwa mdomo tu, kama shemasi. "Samahani, Mzee Kambale," alisema Alden, mashine imekwisha kuzimwa, machozi yamekwisha kukauka, "huo wa mwisho haumo kwenye sahani." "Sahani ilikuwa ndogo, bwana." "Uliutunga lini?" "Sikuutunga." "Unajua, kule watu wanaujua wimbo huu neno kwa neno. Wakisikia kitu kimeongezwa watasema si yeye. Mzee Quarles, wewe ulikuwapo. Kwanza, ndiye huyu? Na ubeti huo, alikuwa akiuimba?" na mashine ikawashwa tena, kipaza sauti kikageuzwa kuelekea koti la kanisani, na ulimi wa Hosea ukalitafuta lile neno tamu ukakuta halipo, lina faida gani jina, jina ni povu la kinyozi, achukue, aende nalo pwani wampigie makofi kwa balbu yangu na kwa pua yangu, lakini ubeti ule ukibaki, aliwaza, na moyo wake ukapoa kabisa, kama kisu kilichochovywa kisimani, ubeti ule ukibaki wimbo wote unageuka, kila kicheko kinageuka, gunia linakuwa gunia na maji yanakuwa maji, na mimi ninakuwa nini, ninakuwa mtu aliyelivaa koti la mwenzake miaka hiyo yote akijidai limeshonwa kwa kipimo chake, la, uimbwe kama nilivyouacha, uimbwe na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, utani wangu juu yake, mbele ya maelfu watakaolia na wasijue wanacheka... "Ndiye," alisema Hosea Quarles kwa sauti ya kusomea Zaburi. "Kambale ndiye huyu, nakula kiapo. Lakini ubeti ule haukuwamo."

Nzi alitembea kwenye ukingo wa bakuli. Bi Verlene alimgeukia shemasi, akasema, "Umekunywa hicho ulichokuja kunywa, sasa nenda nyumbani," na Dorsie akaivua shingo ya chupa, akaifuta jasho kwenye suruali, akaivaa tena. "Mwache, dada. Shemasi hasemi uongo." "Basi tuanze upya," alisema Alden, amefarijika, "bila huo," na maji yakafika mlangoni tena, mke akaingia mashuani tena, mstari wa tatu kidole kikajikwaa panapostahili, na macho ya kijana yakafumba, na Hosea hakuondoka, hakuweza, alikaa akiungoja mwisho kama anayengoja kuamuliwa kesi, na mwisho ukafika, taa ikawaka chumbani kule kwenye mablanketi, nyuzi zikanyamaza pale pale zilipoamriwa, safi, dakika tatu, na katika ukimya ule mashine bado inazunguka, ubeti ukaanza kichwani mwake, wote, alikuwa ameusikia mara moja tu na hakukosa neno, kwa sauti ya Dorsie, mguu huu wa kulia, akabana meno ili usiendelee, ukaendelea, akatazama chini ili asimtazame mtu, na chini, kando ya kreti, kiatu cha kulia cha Dorsie Mabry kilikuwa kinausukuma ubao wa baraza, polepole, kwa nguvu zake zote, kisha kikauachia.