Kona ya Kulala

Tangu mjukuu wangu Mutheu aanze kushindana na pikipiki ndogo, swali moja lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kitu kisicho na mbio, unakishindanishaje? Hiyo yake ukiisikia utadhani ni cherehani yenye mafua.

Baba yake, mwanangu Muindi, anaendesha bodaboda hapa mtaani Pipeline. Yeye hakuwa na swali, alikuwa na hasira. Alitaka pikipiki hiyo ianze kubeba mitungi ya maji. Wakabishana mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri.

"Jumamosi tushindane," Muindi akasema. "Mizunguko mitatu. Nikikushinda, inabeba maji."

"Na nikikushinda, baba?"

"Utakaa nayo. Sitaongea tena."

Muindi kunyamaza! Jumamosi nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda.

Uwanja uko nyuma ya magodauni, lami iliyojikunja kama utumbo wa mbuzi, matairi makuukuu yamepangwa pembeni. Nikamuuliza Mutheu utamu uko wapi.

"Shosh, pikipiki kubwa inakubeba. Hii ndogo, wewe ndiye unaibeba. Ukishika breki ovyo, kurudisha zile mbio ni kazi. Kwa hivyo kwa kona unalala."

"Unalala?"

"Unalala upande, na pikipiki yako."

Nikacheka. Mtoto huyu nimemlea mimi, na hajawahi kulala bila vita.

Wakaondoka. Palipokuwa pamenyooka Muindi akampita, maana boda yake ina nguvu zaidi. Kufika kona akashika breki, tumbo likatangulia, Mutheu akamfikia tena. Wakaenda hivyo, huyu anapita, yule anarudi, nami sikujua nimeanza kupiga kelele saa ngapi. Cherehani ile ilikuwa inalia kwa raha!

Kona ya mwisho kabisa, Muindi alikuwa mbele, Mutheu kamng'ang'ania mkiani. Nikashika waya wa uzio, nikatoa ile sauti yangu ya kuzima taa:

"Lala! Nimesema lala sasa hivi!"

Sasa, sauti hiyo nimewalea nayo watu wawili.

Mutheu akalala upande, goti likakaribia kubusu lami, akapenya ndani. Muindi naye, mtoto wa watu, akalala. Lakini alilala kifudifudi juu ya tangi, kichwa chini kama amevutiwa blanketi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye matairi. Yalimpokea vizuri tu.

Alipoinuka Mutheu alishamaliza.

"Mama! Si umeniambia nilale?"

"Nilitaja jina la nani?"

"Hiyo sauti naijua! Umenilaza nayo tangu tukiishi Makongeni!"

"Na leo ndiyo mara ya kwanza umetii."

Mutheu alicheka mpaka akashindwa kuvua helmeti. Muindi akajipangusa vumbi, akaisogelea ile pikipiki.

"Haya, kaa nayo," akasema. Ile ahadi ya kutoongea haikufika hata dakika. "Lakini huko kulala... goti unalitupa kabla ya kona, ama ukiwa ndani?"

Wakainama wawili, baba anauliza, mtoto anachora kwa kidole mchangani. Hakuna aliyeniangalia. Nikapandisha rinda, nikaikalia ile pikipiki.

"Mutheu, hii inawashwa wapi?"

"Shosh! Shuka! Wewe kona utazilalaje?"

"Kulala nitalala nyumbani. Niambie inawashwa wapi."