Fungu la Gino

Montegrezzo ni kijiji cha mawe juu ya mawe, na watu wake hunyamaza kuliko mawe yenyewe. Nives alizaliwa humo, akaolewa humo, na humo humo akafiwa na mume, kwa hiyo kunyamaza hakufundishwa na mtu. Watembezi waliopanda kutoka baharini na mizigo mgongoni walilala katika vyumba vyake viwili vya wageni, wakasifu lango la kale na vichochoro, wakapiga picha paka, wakaenda zao. Mgeni ni kama hali ya hewa, hupita. Wenyeji ndio hubaki na matope.

Yule Mholanzi alifika peke yake mwezi wa Novemba, wakati watembezi wote wameshakwenda makwao. Alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, mwenye viatu vipya vilivyomchubua visigino. Jina lake Marijke. Alizungumza Kiitaliano cha kujifunzia ukubwani, kila neno akiliweka chini polepole kama anayepanga sahani. Asubuhi ya Jumapili, baada ya mkate na kahawa, akaomba apelekwe kwenye njia ya kikanisa cha Mtakatifu Roko.

Nives angeweza kusema njia imebomoka. Badala yake alitoa ukutani vizibao viwili vya rangi ya chungwa.

"Vaa hiki, mama. Leo wanawinda nguruwe mwitu."

Marijke alikigeuza mkononi. "Binti yangu hakupewa," akasema.

Basi Nives akajua nani kaja. Alifunga mlango, wakashika njia ya kale ya nyumbu wa mizigo inayokata kwenye matuta ya mizeituni. Wenye matuta walikufa au walihamia mjini, kuta zinamomonyoka, miiba imekaa pale babu zao walipopanda mizabibu. Chini kabisa bahari ilikuwa ya kijivu. Walipumzika mara kwa mara kwa ajili ya vile visigino. Kwa mbali, upande wa bondeni, milio ya bunduki ilisikika, kisha mbwa, kisha kimya. Kila mlio ulipotoka, Marijke alisimama na kufumba macho.

Kwenye kona ya kikanisa aligusa ukuta kwa kiganja, juu, chini, kama anayetafuta kitasa.

"Hapa?"

"Hapa. Palikuwa na ukungu."

"Mahakamani walisema hivyo hivyo, ukungu. Femke wangu alikuwa na koti la kahawia, na ukungu. Kama vile koti na ukungu ndivyo vilivyoua." Alijifuta pua. "Nimesikia yule mtu aliyefungwa naye amekufa. Nataka unionyeshe kaburi lake. Nimetoka kwetu mpaka hapa kuja kulitemea mate."

Miaka yote ile Nives alikuwa ameitwa mke wa muuaji, kwa macho tu, maana Montegrezzo hawana ujasiri wa kukwambia kwa mdomo. Alikuwa ameinamisha kichwa kanisani, dukani, kisimani. Lakini mate kwenye kaburi la Gino, hapana.

"Kaburi hilo nalifagia mimi," akasema. "Gino alikuwa mume wangu. Na hakumpiga risasi binti yako."

"Kila mke husema hivyo."

"Mimi sikusema. Niliamini ni muuaji kama nyinyi mlivyoamini, mpaka alipokuwa anakata roho."

Akamweleza, wamekaa kwenye ngazi ya kikanisa. Siku ile wawindaji wengi walifyatua. Msichana akaanguka, risasi ikapita mwilini ikapotelea bondeni, isionekane tena. Mwenye risasi akanyamaza. Basi Ambrogio, mkuu wao, akasema wote watafungwa na kikosi kitakufa, afadhali mzigo ugawanywe kama nyama inavyogawanywa. Wakapanga vijiwe juu ya benchi, kimoja cheusi. Mmoja akageuka nyuma asione, ndiye wa kuita majina. Ambrogio akagusa kijiwe kimoja kimoja, akiuliza kama kwenye mafungu ya nyama, hili la nani, hili la nani. Kijiwe cheusi kikaitwa jina la Gino. Na kwao fungu lililoitwa halikataliwi.

"Bunduki yake ilikuwa baridi," Nives akasema. "Hakufyatua hata moja. Alikwenda jela, akarudi na kifua kibovu, na hakuniambia mpaka siku ya mwisho. Jina la mwenye risasi akakataa kulitaja. Kiapo, alisema. Wanaume na viapo vyao! Nilimwambia mdogo wangu, Settimio, akanisihi, dada, mwache marehemu apumzike. Nikamwacha. Mdogo wangu huyo ndiye pekee aliyenibakia."

Marijke alimgeukia. "Nani, basi?"

"Sijui. Lakini saa hizi wanagawa nyama. Twende ukawaone wote kwa pamoja."

Banda la wawindaji liko chini ya misonobari, chini kidogo ya kikanisa. Nguruwe alikuwa ameshachunwa na mafungu yamepangwa kwenye benchi lile lile. Mbwa walikuwa wamefungwa nyuma ya banda, isipokuwa wa Settimio, aliyelala miguuni pa bwana wake na kengele yake ndogo shingoni. Settimio alimwona dada yake, akainua kofia yake ya kijani na kutabasamu. Kila majira ya baridi alimpasulia Nives kuni na kumpandishia mpaka mlangoni, na kengele ile ilitangulia kwenye ngazi.

"Shemeji!" mmoja akapaza sauti. "Umetuletea mgeni, au mchumba wa Ambrogio?"

"Ambrogio mchumba atamtafuna na meno gani?" akadakia mwingine, wakacheka.

"Leo nitaita mimi," Nives akasema.

Ambrogio alifuta kisu. "Mwanamke haiti, shemeji."

"Mwanamke anapika, mwanamke anaosha damu kwenye suruali zenu. Leo anaita."

Hakungoja jibu. Aliwapa mgongo, akatazama ukuta wa banda. Marijke akabaki amesimama kando ya benchi, uso kwa uso nao. Ambrogio akaguna, kisha akaweka kisu juu ya nyama.

"Hili la nani?"

"La Ambrogio."

"Umeona, anajua mambo!" mtu akacheka.

"Hili la nani?"

"La Gino."

Kicheko kikakatika. "Shemeji," Ambrogio akasema taratibu, "Gino ni marehemu."

"Fungu lililoitwa halikataliwi. Si ndivyo mlivyomwambia? Uliza."

"Nives..."

"Uliza!"

"Hili la nani?"

"La Gino. Na linalofuata la Gino, na yote yaliyobaki ni ya Gino, maana alibeba ya kwenu nyote." Akaendelea, mgongo kwao bado. "Sasa nauliza mimi. Huyu mama hapo mbele yenu ndiye aliyemzaa yule msichana wa kwenye kona. Mtazameni. Ile risasi, ya nani?"

Nyuma ya Nives moto ulipasuka, mtu akakohoa, Ambrogio akamtaja Bikira Maria. Nives alikodolea ukuta macho. Kisha kigoda kikaburuzwa. Mtu alisimama, akapiga hatua mbili za kutaka kuondoka, na kengele ndogo ikalia ikimfuata.

Nives hakugeuka.

"Mwenye kofia ya kijani," Marijke akasema. "Analia."

"Namjua."

"Dada," Settimio akasema. "Dada, niliogopa. Kila baridi nilikuja nikitaka kukwambia."

"Ulikuja na kuni," Nives akasema.

Wakarudi kijijini, Nives na mgeni wake. Walipofika makaburini Marijke alisimama langoni, akaashiria kwa kichwa kwamba apelekwe, Nives akampeleka. Marijke alisoma jina la Gino, akalifuta jiwe umande kwa ncha ya koti lake, wakatoka.

Jioni baridi iliingia nyumbani. Ukutani kuni za Settimio zilipangwa mpaka darini, kavu, zimepasuliwa vizuri. Wanawake wawili walikaa mezani na makoti yao, jiko likiwa tupu, na hakuna aliyeinuka kuziendea. Nje kengele ndogo ilipanda ngazi, ikasimama mlangoni. Mtu alibisha mara moja, polepole.

"Kesho nateremka polisi," Marijke akasema.

Nives aliutazama mlango. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Visigino vyako vibovu," akasema. "Nitakupitisha njia ya mkato."