Daftari la Getini

Saa moja kasorobo asubuhi foleni ya wanawake ilikuwa imekwama kwenye geti la kiwanda cha kushona sare. Siku zote unaandika jina na saa, au kama saa ni ileile ya mwenzako unachora vistari viwili vya “kama hapo juu”, unapita. Leo daftari lilikuwa limeongezwa safu mbili kwa rula: akaunti ya mtandaoni, na neno la siri. Kalamu ilifungwa kamba isije ikaibwa. Kalamu wanailinda!

Sababu kila mtu aliijua. Wiki iliyopita mtu aliupiga picha mlango wa nyuma wa chumba cha mashine, mnyororo na kufuli, akairusha mtandaoni. Wanawake mia mbili ndani, vitambaa mpaka darini, ufunguo kiunoni kwa msimamizi. Badala ya kukata mnyororo, wakubwa wakaamua kumsaka mpiga picha.

Pasi, waliyemwita hivyo kwa miaka tisa ya kupiga pasi, hakuipiga picha ile. Lakini alikuwa na cha kuficha. Ndani ya akaunti yake kulikuwa na ujumbe wa mdogo wake: mtaa aliokimbilia, rangi ya nyumba, picha ya mtoto. Na mlinzi mwenye daftari ndiye mume wa huyo mdogo wake, aliyemvunja mkono.

Kuandika uongo kusingesaidia. Kila neno lilijaribiwa palepale kwenye simu ya mlinzi. Pasi aliona la mwenzake wa mbele, jina la mwanawe aliyefariki, limelala wazi mezani. Akageuza uso kwa hasira.

“Andika, shemeji,” mlinzi alisema, anatabasamu. “Sisi si ndugu?”

“Undugu gani wa kudaiana paswedi?”

“Si mimi, ni kampuni.”

“Na kampuni ndiyo iliyokutuma uniulize mara tatu mkeo yuko wapi?”

Tabasamu likakatika. Msimamizi akaja, funguo zinalia kiunoni. “Nini tena? Asiye na kosa haogopi. Unaficha nini?”

“Bosi, chooni si unafunga mlango? Huwa unaiba nini humo?”

Foleni ikaficha vicheko viganjani. Msimamizi hakucheka. “Hakuna paswedi, hakuna kazi. Nje kuna watu mia wanaitaka pasi yako.”

Na kweli walikuwepo. Hilo lilimchoma kuliko tusi: mtu huyu alikuwa anasema ukweli, na ukweli huo ndio fimbo aliyowachapia kila siku.

Pasi akashika kalamu. Kwenye safu ya neno la siri akaandika: Fungueni mlango wa nyuma. Akavua aproni, akaikunja vizuri kama alivyozoea, akaiweka mezani.

“Jaribu hiyo,” akamwambia shemeji yake. Akaanza kuondoka.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwa Bibi Vifungo, mshona vifungo mwenye wajukuu wanne wa kulisha. Pasi aligeuka akamwona analivuta daftari, anausoma mstari wa juu kwa kidole, polepole. Kisha bibi akaandika jina lake, na kwenye safu ya mwisho akachora vistari viwili.

“Nisomee, mwanangu,” alimwambia mlinzi. “Mimi macho yangu mabovu.”