Tumbo la Chuma

Chuma hakuumwa tumbo hata siku moja, na jambo hilo alilitangaza kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Ndiyo maana wakamwita Chuma.

Yeye na dada yake mdogo walijalidi vitabu katika chumba alichowaachia marehemu mama yao: meza ndefu, mashine ya kubana, harufu ya ngozi na gundi. Aliwaachia na ugonjwa pia, seliaki, ule ambao ngano ikishuka tumboni mwili unaugeukia utumbo wake wenyewe na kuushambulia. Vipimo vilisema wote wawili wanao. Lakini dada mtu akipata chembe tu kwa bahati mbaya, Mungu wangu! Tumbo linavimba, anatapika hadi nyongo, mdomo unajaa vidonda, na kwa siku kadhaa kichwa kinamwia kizito hata jina la mteja halikumbuki. Chuma akipata chembe hiyo hiyo anapiga mluzi.

Nyumbani walipiga marufuku ngano, na kweli haikuingia. Ajabu ni kwamba mwaka mmoja dada mtu akawa haponi. Leo nafuu, kesho yuko chini kwenye mkeka nyuma ya mashine, amejikunja.

"Unadeka," Chuma akamwambia. "Sufuria moja, sahani moja. Mbona mimi niko ngangari?"

"Sijui, kaka. Mwili ndio unaniambia."

"Basi mwili wako unatia chumvi!"

Dada yake aliinuka mkekani, akarudi kushona. Jioni akasema taratibu, "Labda ni kichwa changu kweli. Mwisho wa mwezi naacha kazi, nisikusumbue."

Maneno hayo yalimchoma Chuma. Nani mwingine angeshona kurasa kwa mkono ule? Lakini ubishi nao ni ugonjwa. Akaona dawa ni kwenda hospitali apimwe, apewe majibu kwamba yeye amepona, ili dada yake aamini kuwa chakula chao hakina neno na aache kujitia hofu. Wakamteremshia kamera tumboni, wakachukua vijipande vya utumbo wake, wakamwambia arudi kuchukua majibu.

Aliporudi, daktari alimwekea picha mbili mezani. Ya kwanza ilijaa vijidole vidogo vilivyosimama, vimesongamana kama manyoya ya taulo jipya.

"Huu ni utumbo wa mtu mwenye afya. Vijidole hivi ndivyo vinavyonyonya chakula," alisema daktari. "Na huu ni wako."

Wa Chuma ulikuwa tambarare. Taulo limechakaa limebaki kitambaa kitupu.

Chuma aliinama mezani. Akaishika picha, akaigeuza, akairudisha kama ilivyokuwa. Humu ndani, chini ya kifua hiki alichokuwa akikipigapiga, kulikuwa na vita siku zote hizo, na yeye hakusikia hata mlio mmoja! Alijigusa tumbo kwa ncha za vidole kama anayemgusa mtu asiyemfahamu.

"Lakini siumwi, daktari. Wallahi siumwi."

"Wapo wasioumwa. Mwingine analala kitandani wiki nzima, mwingine anatoka upele, mwingine hasikii kitu. Chembe ni ile ile, na kwa nini iwe hivyo hatujui vizuri. Ila wote hao utumbo wao unaumia. Ngano mnaila wapi?"

"Hatuli, naapa! Nyumbani haiingii."

"Na kazini?"

"Kazini kuna karatasi, ngozi, uzi, gundi..."

"Gundi ya nini?"

Chuma aliitazama mikono yake. Kila asubuhi alikoroga unga wa ngano kwenye maji ya moto mpaka ukawa mzito, kama mama alivyowafundisha. Gundi si chakula, nani angeiwazia? Na mwaka ule macho ya dada yake yalipoanza kufifia, ni yeye Chuma aliyejitolea kumtungia sindano, kwa mapenzi tu. Vidole vimejaa gundi, anaulowanisha uzi mdomoni, anautunga, anampa. Naye dada mtu kila akimaliza mshono anaukata uzi kwa meno.

Alitembea mpaka kazini asijue amepita njia gani. Akamkuta dada yake mkekani, akapiga magoti, akamweleza yote bila kujificha, picha mkononi. Dada yake aliitazama muda mrefu.

"Kumbe sikuwa mwendawazimu," alisema, kisha akalia kwa sauti, na Chuma akalia naye.

Siku hizi gundi yao ni ya wanga wa muhogo, na mkasi umefungwa kwa kamba kwenye kiti cha dada mtu. Polepole amenenepa, na utani umemrudia. Lakini juzi mteja aliwaletea wali na mchuzi, akaapa kwamba hauna ngano. Walikula vijiko vichache tu, dada mtu akaweka kijiko chini, mkono tumboni.

Chuma alikuwa na njaa ya kutwa nzima. Mchuzi ulikuwa mtamu, na tumbo lake lilikuwa shwari kabisa, halina habari. Alimtazama dada yake usoni, hakumuuliza kitu, akaisukuma sahani yake kando.